Siku Nilipofunika Moto kwa Turubai

Ninyi vijana mtakaosoma haya, chekeni mkimaliza, si sasa. Mimi bibi yenu nimeyanyamazia mambo haya miaka mingi kwa aibu, na ningeendelea kunyamaza, lakini juzi nimemkuta mjukuu wangu mmoja amewasha moto wa nyama chini ya upenu wa nyumba, eti anakwepa upepo, nikaona nikikaa kimya nitakuwa mjinga mara ya pili.

Ilikuwa kiangazi, miaka ile ya wakimbizi, hapa hapa kwetu Mabawe. Barabara ilikuwa haiishi watu, kutwa wanatoka kambini kutafuta kuni, kutafuta kibarua, kubadilisha mahindi ya msaada wapate ndizi. Na desturi yetu mnaijua, mtu akikukuta unakula humwambii pita, unamwambia karibu. Sasa mimi siku hiyo nilikuwa na mbuzi mmoja tu, na wageni niliowangoja walikuwa wazito, watu wa Nyakahura, ndugu za binti mmoja aitwaye Jenoveva, ambaye mwanangu wa kwanza Sabas alikuwa amempenda mpaka chakula kikawa hakimpiti kooni. Walikuja kuitazama nyumba yetu kabla ya kutoa neno, na neno lenyewe lilikuwa kwa shangazi aliyemlea binti huyo, mama mrefu asiyecheka ovyo. Akikubali, Sabas ana mke. Akikataa, basi.

Mzee wangu (Mungu amlaze pema) aliniambia mapema, "Mama Sabas, moto uwashe kiwanjani, mbali na nyasi, leo kuna upepo."

Nikamjibu, "Kiwanjani, ili barabara nzima ije kula? Wewe kakae na wageni wako."

Basi nikaenda nyuma ya jiko letu, jiko la kuezekwa kwa nyasi, nikachukua turubai la plastiki nililobadilishana na ndizi (wenyewe wakimbizi waliliita shitingi), nikalifunga kutoka upenuni mpaka kwenye migomba, likashuka pande zote kama chandarua ili moshi usionekane. Ndani yake tukaingia mimi na Sabas na moto na nyama iliyotungwa kwenye spoki za baiskeli. Macho yanatutoka machozi, makamasi yanatutoka, Sabas anakohoa, "Mama, tutakufa humu."

"Kufa," nikamwambia, "lakini kimya kimya."

Moshi nilikuwa nimeuficha, ila harufu sikuwa na la kuifanya. Mara nikasikia sauti ya Konsolata, mama wa Kirundi aliyekuwa akinilimia maharage, anapita na mzigo wa kuni kichwani. "Shikamoo, Mama Sabas! Mbona leo kunanukia?"

"Marahaba. Hakuna kitu, tunachoma majani makavu ya migomba."

"Majani yenu yana chumvi!" akasema, akaenda zake anacheka. Nami nikacheka humo ndani, najiona mjanja. Sikujua kwamba shangazi wa Jenoveva ameketi dirishani, na kila neno amelisikia.

Mbuzi yule alikuwa amenona. Mafuta yakaanza kudondoka, moto ukapanda, na mimi badala ya kuitoa nyama na kuzitawanya kuni, nikashika kopo la maji nikamwaga. Yale mafuta yaliyokuwa yakiwaka yakaruka, yakalipata turubai. Plastiki haiwaki kama nguo, inayeyuka, inadondoka matone ya moto, na moto ukatambaa nayo mpaka upenuni kwenye nyasi za kiangazi, na nyasi za kiangazi hazihitaji kubembelezwa. Sabas akalikamata turubai kwa mkono ili alivute chini. Mimi nikatoka mbio napiga yowe, kitambaa cha kichwa kimeanguka, mkononi bado nimeshika spoki ya nyama.

Barabara nzima ikaja. Wote wale niliokuwa nawaficha walitupa mizigo yao wakaingia uani kwangu, "Muriro! Muriro!", yaani moto kwa lugha yao, wakakata migomba mibichi wakaupiga moto nayo, wakamwaga udongo, mzee wangu akamwaga pombe ya ndizi ya wageni mtungi mzima, kuku aliyekuwa akiatamia jikoni akapita kati ya miguu ya wakwe akipiga kelele kunishinda mimi. Nyumba ikapona. Jiko likaisha.

Konsolata, uso wote majivu, akaitazama ile spoki. "Mama Sabas, ndiyo majani?"

Watu wakacheka. Mtu aliyetoka kukuzimia moto ana haki ya kukucheka. Nilitamani ardhi inifunike, lakini hapo Sabas akatokea, plastiki imeganda kwenye vidole, nami kwa kiherehere nikaibandua, ikatoka na ngozi. (Zahanati walinigombeza sana, nilitakiwa kumwagia maji baridi na kuiacha kama ilivyo.) Aliyechana kanga yake akamfunga ni shangazi. Alipomaliza akanigeukia.

"Mama Sabas, jiko kuungua ni bahati mbaya, sikulaumu. Lakini mimi nililetwa nchi hii mgongoni kwa mama yangu, nasi tulipita barabarani hivyo hivyo. Zipo nyumba tulizoambiwa wanachoma majani."

Wakaaga, hawakula. Ile nyama nikawapa waliozima moto, wakaionja wakaitema, inanuka plastiki, hata mbwa aliinusa akaondoka.

Jenoveva aliolewa kwingine, huko Runazi. Sabas alioa baadaye sana, na mkewe ni mwema, simsemi, lakini vidole viwili vya mkono ule havikunjiki mpaka leo, na siku tunachoma nyama yeye huenda kuangalia migomba. Hajawahi kunilaumu. Heri angenilaumu.

Jioni ile, majivu ya jiko yakiwa bado yanafuka, niliwaita wote wa nyumba yangu nikawaamuru, na amri hiyo sijaifuta: moto wa nyama uwashwe kiwanjani, mbali na nyasi, pasiwe na turubai juu yake, mchanga uwe karibu, mtoto asisogee, mafuta yakiwaka itoeni nyama wala msimwage maji, na anayepita akiuliza kunanukia nini, mwambieni ni nyama, karibu.