Rangi Zilizotoka na Vumbi

Leo ghalani ninakofanya kazi, mtaa wa Qusais, nimefungua kasha la michoro ya rangi za maji: Wapueblo, wenyeji wa asili wa Marekani, wakicheza ngoma ya ibada. Harufu ya karafuu maiti ikanijia puani, nikawa mtoto tena, nyumbani kwa bibi, mtaa wa Deira.

Marehemu babu aliwachora hivyo hivyo, kwa rangi za maji, wachezaji wa kwao Unguja, na bibi akazitunza karatasi zake sandukuni, pamoja na karafuu maiti. Tulipokuwa tukisafisha nyumba kwa ajili ya Idi, nikazipangusa kwa kitambaa kilicholowa maji. Miguu ya wachezaji ikatoka na vumbi.

Bibi alipoingia, nilianza kulia.

“Nyamaza, mjukuu wangu. Ulikuwa unasafisha tu.”

Kile kitambaa chenye rangi za babu hakukifua. Alikianika, akakikunja, akakiweka sandukuni pamoja na karatasi.