Fundi wa sola wa Doha aliyesahihishwa na mkewe

Jua limeshatoka Umm Salal na Nahashon Mwaura analalamika kwamba amechelewa, ingawa saa yake inasema ndiyo kwanza saa kumi na moja alfajiri. Yuko juu ya paa la banda la mbuzi katika shamba moja kaskazini mwa Doha, spana mkononi, kitambaa kimemfunika uso wote isipokuwa macho. Chini yake mbuzi wanalia, wanadai maji.

Paa hili litabeba paneli ishirini na nne za sola, na umeme wake ndio utakaovuta maji ya kisima cha shamba. Mwaura anailaza paneli kwenye fremu, anakaza bolti, kisha anatoa dira ndogo mfukoni na kuitazama. Anaitazama tena. Mwenzake Athanas, Mganda aliyekaa Qatar miaka sita, anacheka mpaka anaketi.

"Usimwandike kama fundi," Athanas anamwambia mwandishi. "Mwandike kama mwanafunzi wa mke wake."

Mwaura naye anacheka, bila kuacha kukaza bolti. Muda hautoshi. Miezi hii ya joto kali, kazi ya nje hairuhusiwi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, na ifikapo saa mbili chuma tayari kinaunguza kupitia glavu.

Ana umri wa miaka thelathini na sita na kwao ni Kangema, Murang'a. Alikuja Doha miaka minne na nusu iliyopita kama askari wa lango katika jengo moja la The Pearl, mtaa wa matajiri uliojengwa baharini. Siku moja mafundi wa sola wakaja kufanya kazi kwenye paa la maegesho. Mwaura akawashikia ngazi, na akawauliza maswali mengi hivi kwamba msimamizi wao alimwambia achague, arudi langoni au aje kazini. Mkataba wake ulipoisha, alienda. Mshahara ukapanda kutoka riali 1,300 kwa mwezi hadi 2,200.

"Lango ni la wenyewe, huwezi kurudi nalo nyumbani," anasema. "Lakini hii kazi naweza kurudi nayo."

Na kurudi ndilo jambo linalomnyima raha. Mkewe Wairimu amemwona mara mbili tu katika miaka hiyo yote. Binti yao Shiru ana miaka saba, na akichora picha ya familia huchora mama, paka na simu. Mkataba wa Mwaura unakwisha Septemba na kampuni inataka atie sahihi miaka miwili mingine. Hataki hata kidogo, ila mtu harudi nyumbani kula upendo.

Tumaini lilikuja Februari. Zahanati ya kijijini kwao ilikuwa inatafuta fundi wa kuweka sola, ili friji ya chanjo isizimike kila umeme unapopotea. Kamati ilisikia habari za Mwaura na ikatoa sharti moja: kwanza waone sola ya nyumbani kwake ikifanya kazi. Ikifanya, kazi ni yake na atarudi. Isipofanya, atatia sahihi.

Aprili akatuma pesa. Zikanunuliwa paneli sita, betri na inveta, na fundi wa mabati akapanda juu ya nyumba huku Mwaura akimwelekeza kwa simu ya video, amekaa kitandani katika kambi ya wafanyakazi Doha. Alitaka paneli zielekee kusini, na ziinuliwe sana kwa nyuma. Wairimu aliuliza kwa nini kusini. Akajibiwa kwamba hayo ni mambo ya kitaalamu. Mwaura anapofika hapo katika kusimulia, anafunika macho yake kwa mkono.

Juni ilipoingia, taa zikaanza kufifia. Televisheni ikawa inazima kabla ya habari. Mwaura akalaumu betri, akamlaumu aliyeiuza, akamlaumu fundi wa mabati, akalaumu hata njiwa. Mwishowe akamtaka Wairimu apande ngazi apanguse vumbi, kwa kuwa Doha vumbi ndilo adui wa kwanza wa paneli.

"Vumbi, Kangema, mwezi wa sita," anasema Athanas, na anaanza kucheka upya. Huko mwezi wa sita ni manyunyu na ukungu kutwa nzima. Wairimu alipanda, akapangusa umande, akashuka. Majirani nao wakaanza kumuuliza kama huko Qatar pia wanatumia mishumaa.

Kamati ikasema itakuja Jumamosi ya mwisho ya Juni. Ijumaa yake, Mwaura alitoka ibadani Mesaimeer, kwenye makanisa ya Doha, akatafuta kivuli karibu na ukuta, akapiga simu. Alikuwa ameamua kumwambia mkewe aombe wiki mbili zaidi, huku moyoni akijua wiki mbili hazitasaidia kitu. Fomu ya kampuni ilikuwa imekunjwa mfukoni mwake.

Wairimu ndiye aliyetangulia kusema. "Baba Shiru, usikasirike. Nimezigeuza."

Kwa simu kutoka Kangema, Wairimu anaeleza jambo hilo kwa upole wa mtu anayemwonea huruma mumewe. "Miezi hii ya baridi, nikianika nguo nyuma ya nyumba hazikauki. Nazianika upande wa Mlima Kenya, kwa sababu jua linapitia huko. Hata mahindi tunaanika huko. Nikaangalia hizo paneli zimeupa Mlima mgongo, nikajiuliza, kama mimi nafuata jua na shati, hivi vioo vinangoja nini?"

Jumatano alikuwa amemwita fundi yule yule wa mabati. Wakazielekeza kaskazini, uliko Mlima, na wakazilaza karibu ziwe sawa na paa.

Mwaura anakiri kwamba alikasirika. Alianza kumweleza mkewe kwamba sola si nguo, akaeleza kwa muda mrefu, na mke akamwacha aeleze. Alipomaliza, Wairimu akamtumia picha aliyoipiga mchana huo. Saa saba tu, na betri imejaa.

Hapo ndipo alipokumbuka alichosomea. Qatar iko mbali kaskazini mwa ikweta, na kule jua hukaa kusini, basi paneli huelekezwa kusini mwaka mzima. Kangema iko jirani kabisa na ikweta, na Juni jua huhamia kaskazini. "Niko na cheti, na hilo swali nilipata kwa mtihani," anasema. "Lakini mikono ilizoea Doha, na kichwa kikafuata mikono."

Alichuchumaa pale ukutani huku waumini wakimpita. Aibu ilikuwepo, anasema, ila haikukaa. "Nilifikiria vile anaogopa ngazi. Na bado alipanda na fundi kupima. Nikajua huyu mwanamke anataka nirudi, si maneno tu."

Kesho yake kamati ikafika, watu watano, ikiongozwa na Jerusha, muuguzi mstaafu asiyependa maneno mengi. Wakawasha kila taa, wakachomeka pasi, wakasubiri. Kisha Jerusha akauliza nani aliyezipanga paneli vile. Mwaura alikuwa amemwomba mkewe aseme ni yeye, mumewe. Wairimu akasema ukweli wote, pamoja na habari za nguo.

Jerusha akamuuliza itakuwaje Januari, jua likihamia upande wa pili. Wairimu akajibu kwamba ndiyo sababu amezilaza, zipate jua la pande zote mbili, na mteremko aliouacha ni wa kushusha maji ya mvua tu. Kamati ikatoka nje kunong'ona. Ikarudi na kumpa kazi Wairimu. Jina lililo kwenye barua ya kazi ni lake.

"Wa Qatar tumemsikia," Jerusha aliwaambia wenzake, kama Wairimu anavyosimulia. "Aliyeliona kosa ni huyu."

Saa nne inakaribia Umm Salal na msimamizi anapiga kelele kutoka chini, "Yalla, khalas," waache kazi washuke. Mwaura anashuka taratibu, shati limemganda mgongoni. Fomu ya kampuni aliirudisha bila sahihi, na tiketi yake ni ya Septemba ishirini. Anataka zahanati iwe na umeme wa sola kabla ya Krismasi. Shule mbili za jirani zimeshauliza bei, na zimempigia Wairimu.

"Watu wananiuliza nitafungua kampuni lini," anasema akinywa maji. "Kampuni ishafunguliwa. Mimi nimeomba kazi. Ameniambia nipeleke makaratasi, ataangalia."

Wairimu anapoulizwa kama mwombaji huyo ana nafasi, anacheka kwenye simu. Inasikika sauti ya Shiru akiuliza ni nani.

"Aje tu," anasema. "Kazi ataikuta, na sisi atatukuta."