Harufu Tuliyoinyamazia

Nakumbuka siku ile kuanzia saa nne na robo asubuhi, mwanangu, maana ndipo nilipowasha gari nje ya chumba cha maiti, Bukoba mjini, jeneza la baba mdogo Rweyemamu likiwa nyuma yangu. Alikuwa amelazwa chumbani humo siku kadhaa, tukiwasubiri watoto wake wafike kutoka Mwanza. Sasa wao walikuwa wametangulia Kagoma, ambako kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa kibanjani, kwenye shamba lake la migomba, na mchungaji alikuwa akitusubiri.

Gari lilikuwa langu, basi dogo la abiria ambalo injini yake hukaa chini ya viti vya mbele. Viti vya katikati nilivitoa ili jeneza lipate nafasi. Mama mdogo, mjane, aliketi kando yake, kiganja chake juu ya kifuniko. Kushoto kwangu alikaa kaka yake huyo mjane, mjomba Ishengoma.

Hatukuwa tumefika mbali harufu ilipoanza. Ilikuwa nzito, ya kuunguza, yenye kukaa kooni. Mjomba alikohoa, akashusha kioo. Mimi nikashusha changu. Hakuna aliyesema neno. Unajua sisi tulivyolelewa: mbele ya marehemu harufu haitajwi. Ukiitaja, umemtukana yeye na waliomwosha.

Tulipofika Kemondo mjomba akaniambia, "Simama hapo dukani."

Nikasimama, injini ikiunguruma. Harufu ikazidi. Hapo, mwanangu, gari lilikuwa linanieleza kila kitu, kama ningekuwa na masikio. Harufu inayopungua ukiwa mwendoni na kuzidi ukisimama ni ya kitu kinachoungua kwenye gari, kwa sababu upepo wa safari haupo tena wa kuipeperusha. Na wiki ile nilikuwa nimeongeza oili mara mbili bila kujiuliza ile ya kwanza ilikwenda wapi. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa.

Mjomba akarudi na kichupa cha manukato. Alinyoosha mkono nyuma, akampa dada yake.

Niliona kwenye kioo. Mama mdogo alikitazama kile kichupa kwa muda, kisha akakifungua, akanyunyiza juu ya jeneza, pembe hadi pembe. Halafu akavua kitenge cha mabegani akakitandika juu ya kifuniko, akakichomeka pande zote, kama mtu anayeziba ufa. Tangu hapo hakuuweka mkono wake pale tena. Alitazama nje.

Tulipita Muhutwe, tukaanza kupanda mlima. Moshi ukatoka chini ya kiti cha mjomba.

"Waitu, jamani, tunaungua!" akapiga kelele.

Nikaegesha pembeni, nikazima, nikainua kiti. Oili ilikuwa imevuja kwenye gasketi, ule mpira wa kuziba, ya kifuniko cha juu cha injini, ikawa inateremka taratibu na kudondokea eksozi, bomba la moshi, lililokuwa moto. Matone tu. Kila tone lilikaangika na kutoa ile harufu. Nilisubiri chuma kipoe, nikafuta kwa matambara, nikakaza nati za kifuniko zilizokuwa zimelegea, nikaongeza oili. Hiyo ilitosha kutufikisha Kagoma.

Mama mdogo alikuwa ameshuka, amesimama nyuma yangu.

"Ni nini hicho?"

"Oili, mama mdogo. Ilikuwa inadondokea kwenye eksozi."

"Tangu lini?"

"Tangu Bukoba."

Kisha akasema, polepole, "Kwa hiyo hakuwa yeye."

Akalitazama jeneza ndani ya gari.

"Safari yangu ya mwisho na mume wangu nimeipitisha nikimwonea aibu. Nimemfunika kama kidonda." Akamgeukia kaka yake, akamrudishia kichupa. "Chukua manukato yako, Ishengoma. Ipake injini, ndiyo inayonuka."

Tulimzika saa kumi, kwa nyimbo na heshima zote. Mama mdogo aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini kwenye gari langu hakupanda tena, hata mvua ikinyesha.

Sasa sikiliza, wewe uliyepata leseni juzi. Ukinusa oili inaungua, simama mahali salama, zima, acha ipoe. Kwanza pima oili kwa kijiti chake. Kama bomba la nyuma linatoa moshi wa bluu, oili inaungua ndani ya injini, na hiyo ni kazi kubwa. Kama moshi huo haupo, tafuta inakovujia: kifuniko cha juu, chujio, mahali unapomiminia. Kukaza nati ni kwa ajili ya kufika tu. Gasketi iliyochoka hubadilishwa. Lakini kabla ya yote hayo, fungua mdomo. Uliza, "Jamani, mnasikia harufu?" Mficha maradhi kifo humuumbua, sisi tulificha ambayo hayakuwepo, tukamuumbua maiti asiye na kosa. Heshima isiyouliza humwangukia asiyeweza kujitetea.

Mungu akujalie pua ya kunusa mapema na ulimi wa kusema kwa wakati, na wale utakaowasindikiza uwasindikize mkono wako ukiwa juu yao.

Kesho yake, baada ya mazishi yale, fundi wa Muleba aliweka gasketi mpya. Pamoja na ufundi, shilingi elfu ishirini na tano.