Mwanaroki wa Kumsenga na Salamu Zake

Juma hili sina hamu ya siasa, ingawa mwaka huu wa uchaguzi hakuna kingine kinachozungumzwa. Jumatatu asubuhi nilipigiwa simu kutoka Kibondo nikaambiwa kwamba mzee wetu wa roki amefariki nyumbani kwake Kumsenga. Naam, roki, wala sijakosea kuandika. Tangu nikiwa shule ya msingi, mtu huyu alilima mihogo na maharage siku za kazi, na Jumamosi akapiga gitaa la umeme kwa betri ya gari, akiimba Kiha kwa sauti ya kukwaruza iliyowafanya wazee wa kanisa wamwombee aache. Waliomba sana. Hakuacha, na namshukuru Mungu kwa hilo.

Mwaka jana lilifanyika tamasha Kasulu, akaja nyota wa muziki kutoka Dar es Salaam, na watu wa redio wakaja na mitambo yao kurekodi. Mzee wetu alipewa nafasi fupi ya kufungua. Katika miaka yote ya muziki wake hakuwahi kurekodiwa; kila aliyemwahidi studio alishika njia yake. Basi siku hiyo alivaa koti lake la ngozi lililochanika kwapani, akaniambia, "Leo wakinirekodi, wajukuu watanisikia hata nikishazikwa." Akapanda jukwaani, na gitaa hakuligusa. Aliinama, akaanza kupiga makofi ya taratibu: "Mwidiwe!" Kwetu Buha mkubwa husalimiwa hivyo, kwa viganja, polepole, na anayeitikia hupiga vivyo hivyo bila mayowe. Uwanja mzima ukaitikia kwa makofi ya chini, vichwa vimeinama. Mshereheshaji, kijana wa Dar, akaona watu wamepoa. Akamzimia kipaza sauti!

Mama mmoja muuza ndizi alimfuata kijana pale pale kwenye ngazi za jukwaa. "Yewe mwanangu, mbona umemzimia mzee?"

"Mama, watu hawana mzuka. Si unaona wanavyopiga makofi ya kinyonge?"

"Mzuka gani? Hatujamaliza kusalimiana!"

Uwanja ulipoanza kumzomea, kijana akakirudisha kipaza. Mzee akaimba, na walioinama wakaruka hadi vumbi likafunika jukwaa. Nyota wa Dar alipopanda baadaye alikuta watu wamekwisha kuchoka. Lakini wale wa redio, walipoona kipaza kimezimwa, walikuwa wamezima mitambo na kwenda kunywa chai. Hawakunasa hata neno moja.

Nilikasirika, na hadi leo nina hasira. Tukielekea stendi nikamuuliza kwa nini hakuanza kuimba, salamu zije baadaye. Akanitazama kana kwamba nimeingia nyumba ya watu bila hodi. "Mle uwanjani mna wakubwa zangu. Niwapigie kelele kabla sijawajulia hali? Mwanangu, roki si utovu wa adabu." Nimelifikiria sana jibu hilo. Siku hizi kila kipya kinatuingilia kwa kishindo: msanii hajatuuliza tumeamkaje, keshatuamuru mikono juu, na sisi tunainua tukidhani ndiyo maendeleo. Mzee huyu alichukua chombo kilichotoka mbali, chenye kelele kuliko vyote, akakifundisha tabia za kwetu. Wenye vyeti vya sanaa wangapi wamefanya hivyo? Najivunia kutoka alikotoka yeye.

Siku ya maziko redio ile ile ilitangaza kifo chake, na kwa kuwa haikuwa na wimbo wake hata mmoja, ikapiga wa mtu mwingine. Mjane akaomba izimwe. Ilipozimwa, wanawake waliotoka Mabamba wakauanzisha wimbo wa mzee, watu wa Kitanga wakaudaka, na kila mtu alijua kila ubeti. Ilipofika sehemu ya gitaa, wazee wenye mikongojo wakalipiga kwa midomo, wengine wakifinya macho kama yeye. Nililia na kucheka kwa pamoja. Mcheza kwao hutunzwa, wahenga walisema, na siku ile niliona anavyotunzwa. Vijana, rekodini nyimbo zenu, tena mapema, msije mkazikosa kama tulivyokosa za mzee. Lakini imbeni kwa namna ambayo, siku redio ikikosa cha kupiga, jirani zenu watakuwa nacho.