Grisi ya Boya

Papa Edmond alidharau watu wengi, na dharau yake aliigawa bila ubahili. Aliwadharau wanaoingia ziwani wakiziba pua. Aliwadharau wanaopiga maji kwa kelele kama wanafua blanketi. Zaidi ya wote aliwadharau wanaosema wamefika mahali ambapo hawakufika, na Kalemie, mji wenye ziwa mlangoni, watu wa namna hiyo hawakosekani.

Maisha yake yote alifanya kazi bandarini, akifunga kamba za meli na kupaka winchi grisi. Ni yeye aliyeanzisha mashindano ya boya: unatoka ufukweni, unaogelea mpaka boya kuukuu la chuma, unarudi. Siku yenyewe alipiga kasia alfajiri akalipaka boya kwa brashi grisi nyeusi, ile nzito isiyojali sabuni. Anayerudi na kiganja cheusi, amefika. Anayerudi na kiganja kisafi, aende nyumbani akamdanganye mkewe. Waogeleaji walikuwa wachache kila mwaka, watazamaji wachache zaidi, naye aliona ndivyo inavyopasa.

Mwaka huu akaja Serge, mwandaaji wa sherehe za muziki, kijana wa kuvaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba.

"Papa, wewe unaogeleshaka watu kumi," alisema. "Mimi nataka Kalemie muzima. Na mushindi tutamutuma Lubumbashi, ashindane na wa kule."

Hiyo Lubumbashi ndiyo iliyomnasa mzee. Alikuwa na mwanafunzi mmoja, Elodie, aliyemfundisha tangu utotoni, na tamaa iliyombakia ni kumwona binti huyo akishindana mbele ya watu wanaojua maana ya kuogelea. Akakubali.

Lo! Siku ilipofika, vipaza sauti vilitetemesha mabati. Mwanamuziki mmoja aliingia maji ya magotini na suruali yake, akapigiwa makofi kama aliyevuka mpaka Kigoma. Kulikuwa na medali ndogo kwa kila mtu, hata aliyelowa tu. Mtumbwi ambao Papa Edmond hukaa nao karibu na boya walipewa wapiga picha, nao wakaugeuza kumfuata mwanamuziki. Tena Serge, kwa kuwa habari ya kiganja cheusi ilimpendeza, aliweka beseni la masizi na maji palepale watu wanapotokea ziwani, ili kila mmoja achovye mkono apigwe picha.

"Serge, ile njo alama ya kufika!" mzee alifoka.

"Njo maana wanaipenda, Papa."

Filimbi ikalia. Wengi waligeuka kabla hata ya katikati, wakatoka, wakachovya, wakapigwa picha wakihema na kutunisha vifua. Papa Edmond alikaa kwenye meza ya mwamuzi akitema mate mchangani. Boya lilikuwa mbali, na macho yake hayakuwa tena ya ujana.

Baadaye sana, wale wa beseni walipokwisha kuanza kunywa, akatoka majini Florentine, muuza ndagala, visamaki vya ziwani, aliyekimbia vita Nyunzu, mama mnene, fulana ya bure ya sherehe imemganda mwilini. Akapita kando ya beseni, akaja mezani, akainua kiganja cheusi. Elodie alikuwa nyuma yake.

"Nimefika, Papa," Florentine alisema akihema.

Papa Edmond hakuugusa mkono ule. Aliutazama mwili wake mnene, akalitazama beseni.

"Mama, wewe na boya mulionana wapi? Haya ni masizi ya Serge. Kwenda upigwe picha."

Watu wakaangua kicheko. Kiganja cha Elodie hakuona haja ya kukiangalia. Alimvika medali kubwa akamtangaza mshindi. Binti aliinamisha macho, na mzee akadhani ni adabu.

Florentine hakugomba. Aliukamata mkono wa mzee kwa mikono yake miwili, kama anavyoagana na wateja. "Haya, Papa. Aksanti." Akaenda zake sokoni.

Mzee alishuka ziwani kunawa. Kando yake walikuwapo wengine wakinawa, na masizi yaliwatoka mara moja. Mkono wa mzee haukutakata. Akausugua kwa mchanga, akaunusa. Harufu ile aliijua tangu ujana wake: grisi.

Elodie alikuwa amesimama nyuma yake.

"Yule mama alikuwa mbele yako?" mzee aliuliza.

"Tangu kwenye boya, Papa. Tuliligusa wote wawili, akanipita."

"Na ulinyamaza."

"Wewe ulikuwa umekwisha kusema." Kisha, kwa sauti ndogo: "Na Lubumbashi niliitaka."

Papa Edmond alitafuta neno la kumdharau nalo. Yote aliyoyapata yalimfaa yeye mwenyewe.

Serge akaja mbio na kipaza sauti, akiwakusanya watu wote kwa picha ya mwisho. "Viganja juu!" Vikainuliwa, vyote vimetakata; Elodie alificha chake mgongoni. Akaushika mkono wa mzee, akauinua, akashangaa.

"Papa! Kumbe na wewe uliogelea?"

Watu wakacheka. Papa Edmond akakivuta kipaza sauti mpaka mdomoni.

"Hapana. Aliyeogelea amekwenda kuuza ndagala, na mimi nilimufukuza. Elodie, vua hiyo medali. Tunamupelekea."

Elodie akaanza kuivua.