Damu Isiyotakiwa

Mimi sikuwa mtu wa kushangazwa na kitu. Niliingia Kigali na darasa la nne na spana moja, na kufikia mwaka wa tisini na mbili nilikuwa na gereji mtaa wa Gatsata, malori mawili, na uso mwekundu uliowafanya wateja, walioniita patroni, yaani bosi, waseme, "Patroni ana damu huyu!" Nilikubali. Nilikula vizuri.

Kisha nikaanza kuwashwa. Nikioga tu maji ya moto, ngozi yote inawaka kama nimelalia upupu. Nilijikuna hata kabareni, kilabu chetu cha pombe, tulipokuwa tukinywa pombe ya ndizi kwa mrija mmoja unaozunguka mkono kwa mkono. Miaka ile ukijikuna mbele za watu, wao walishajua: ukimwi. Jioni moja fundi matairi, rafiki tuliyeanza naye maisha, alinywa, akaupitisha mrija nyuma ya mgongo wangu.

"Mbona umeniruka?"

"Aa, patroni, nilidhani umeshiba."

Kesho yake nikaenda kliniki, kule Kiyovu kwa wakubwa. Nikataka wapime kila kitu. Daktari akanibonyeza tumbo upande wa kushoto, akauliza kama kuwashwa kunazidi nikitoka kuoga. Niliporudi kuchukua majibu, akanionyesha kichupa chembamba cha damu yangu. Chembe nyekundu zilikuwa zimetuama zikakijaza karibu chote, maji ya damu yamebaki kidogo tu juu.

"Ukimwi huna, mzee. Mwili wako unatengeneza damu nyekundu bila breki. Imekuwa nzito, inaweza kuganda ikuue. Lazima tuipunguze."

"Basi wapeni wagonjwa. Yangu ina nguvu."

"Hii hatumpi mtu. Tunaimwaga."

Nikalala pale peke yangu, nikiitazama ikijaza mfuko, nyeusi kama oili ya injini. Mimi, ambaye sijawahi kutupa hata nati.

Jioni nikaingia kabareni nikatangaza kwa sauti: ukimwi sina, nimezidiwa na damu tu!

"Wee!" fundi matairi akacheka. "Hata ugonjwa, patroni, unaumwa wa kujisifu!"

Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Mrija ukazunguka, ukafika kwa fundi matairi aliyekaa kando yangu, ukarudi ulikotoka.

Mama mwenye kabare akaniinamia. "Mzee, uniletee glasi yako. Nitakutunzia kwenye rafu, hakuna atakayeigusa."

Kliniki ilinilia pesa nyingi, sikuzihesabu, ninazo. Lakini glasi ile niliinunua mwenyewe sokoni, kubwa, yenye kitako kizito. Faranga mia moja na ishirini.