Kumi na Mbili Yake, Sita Yangu

Nilijifunza ishirini na moja, mchezo wa karata wa kasino, huko Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya tisini, na mtu wa kwanza kumfundisha niliporudi nyumbani ndiye niliyemwibia. Miaka mingi nimelisema jambo hili kwa maneno laini zaidi. Nasema nilimshinda. Lakini najua nilichofanya.

Nilikuwa fundi redio Ruangwa, na kibanda changu kilikuwa karibu na soko. Mara moja kwa mwaka nilikwenda Dar kununua vipuri, nikifikia kwa kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, mzaliwa wa Nachingwea kama mimi. Yeye alikuwa amepata kazi ya kugawa karata kasino. Nyumbani alikwisha kuwaambia wazee kwamba anafanya kazi hotelini.

Mchana alikuwa akifanyia mazoezi kwenye meza ya chakula, na mimi nikawa mchezaji wake. Alinieleza kwamba wale wazungu watatu wa karata, wenye picha za watu, wote ni kumi, na ree, ile yenye alama moja, ni moja au kumi na moja, upendavyo. Unatafuta ishirini na moja, ukipita umeungua. Kila mtu anaanza na karata mbili, ila anayegawa anafunua moja tu, na analazimika kuchukua mpaka afike kumi na saba.

"Sasa nyumba, yaani kasino yenyewe, inapata wapi faida?" nilimuuliza. "Mbona sheria ni zilezile?"

"Fikiri, mdogo wangu. Nani anachukua kwanza?"

"Mchezaji."

"Akiungua?"

"Ameliwa."

"Na mimi nikiungua baada yake?"

Alicheka kabla sijajibu. "Ameshaliwa. Hapo ndipo ilipo. Kwa hiyo ukiniona nimefunua karata mbaya, tano au sita, wewe na kumi na mbili yako tulia. Niache mimi niungue."

Jioni moja alinipeleka kazini kwake. Hakuruhusiwa kunigawia mwenyewe, nikakaa kwenye meza ya dada mmoja mwenye kucha fupi na sauti ya upole. Sikujua kwamba pale huombi karata kwa mdomo. Nilisema, "Naomba nyingine," naye akanyoosha kidole akagonga kitambaa cha kijani mara mbili, kunionyesha. Ukitaka, gonga. Ukitosheka, pitisha kiganja juu ya meza. Nilipoteza sarafu zote za plastiki nilizonunua, lakini nilitoka nikiwa na furaha, kwa sababu nilikuwa nimeuona mchezo kwa ndani. Kilichonivutia si kiti changu. Kilikuwa kiti chake.

Niliporudi Ruangwa nilikuwa na kasha la karata kwenye mfuko wa vipuri. Rafiki yangu mkubwa wakati ule alikuwa mkulima wa Nkowe, mwenye mikorosho na shamba la ufuta. Kila siku ya soko alikuja kwa baiskeli, akauza alichonacho, halafu akakaa kwenye benchi langu mpaka jua lipungue. Nilimfundisha kwa karanga. Alipenda sana kugonga. Aligonga kwa vidole viwili, kwa heshima, kama anabisha hodi kwa mkwe.

Siku zote niligawa mimi. Alipoomba zamu yake nilimwambia kugawa kunahitaji uzoefu. Karanga zikawa soda, soda zikawa mifuko ya salfa ya kupulizia mikorosho, na mimi, nisiye na mkorosho hata mmoja, nikawa nauza salfa. Alipokuwa akishinda nilifurahi naye kwa dhati. Nilijua tu kwamba tukiendelea, vitarudi kwangu. Hakuwahi kuniuliza kwa nini vinarudi, nami sikumwambia.

Ikafika siku aliyoweka baiskeli. Ilikuwa mchana kweupe, watu wanapita na vikapu vyao, na yeye alikuwa amepoteza mifuko yote mitatu ya salfa aliyotoka kuinunua. Aliitazama baiskeli iliyoegemea nguzo, akasema, "Hii kwa ile mifuko yote, na ya mwezi uliopita." Nilipaswa kukataa. Niligawa.

Yeye alipata mzungu na mbili. Mimi nilikuwa nimefunua sita.

Alizitazama karata zake muda mrefu. Kisha akaniinulia macho. "Kaka, kumi na mbili si ndogo hii?"

Niliisikia sauti ya ndugu yangu wa Dar waziwazi. Tulia, niache mimi niungue. Nilikuwa nalijua jibu kama ninavyolijua jina langu.

"Ndogo," nilimwambia.

Akagonga. Ikaja kumi. Ishirini na mbili.

Alinisogezea baiskeli mwenyewe, akafungua kamba ya nyuma iliyokuwa imefunga kikapu chake, akakiweka kichwani, akashika njia ya Nkowe kwa miguu. Nilipobaki peke yangu nilifunua karata yangu iliyolala. Kumi. Nilikuwa na kumi na sita, na ningelazimika kuchukua. Angetulia, ile kumi iliyomuunguza yeye ndiyo ingeniunguza mimi.

Wiki iliyofuata alikuja mkewe. Sikuwa nimemzoea, nilimjua kwa salamu tu. Alikaa kwenye benchi la mumewe, akavuta kanga yake vizuri.

"Shemeji, sikuja kugombana," alisema. "Nimekuja unifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Huo mchezo. Baiskeli ile ilinunuliwa kwa ufuta wangu. Nataka nijue imekwendaje."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nilitoa karata. Alijifunza upesi kuliko mumewe na kuliko mimi, akihesabu kwa Kimwera chini ya pumzi. Tulipocheza mara tano au sita aliniuliza siku ile mumewe alikuwa na ngapi. Nikampangia zilezile: mzungu na mbili kwake, sita na kumi kwangu, na ile kumi nyingine katikati.

Alizisogeza kwa kidole. Aliiweka ile kumi upande wake, akahesabu. Kisha akaitoa, akaiweka upande wangu, akahesabu tena.

"Angekaa kimya, wewe ndiye ungeungua."

"Ndiyo."

"Na alikuuliza. Aliniambia alikuuliza."

"Aliniuliza, shemeji."

Alizikusanya karata, akazilinganisha, akanirudishia kwa mikono miwili. Nilitoa baiskeli nyuma ya kibanda. Hakujua kuendesha, aliisukuma mpaka Nkowe.

Kesho yake mumewe aliirudisha. Alikuwa na hasira, lakini si ile niliyoitegemea. "Nimeshindwa kwa haki," alisema. "Usinifanye mtoto mbele ya mke wangu." Ndipo nilipojua kwamba mkewe hakumwambia alichokiona kwenye karata. Aliniachia mimi niseme. Nilifungua mdomo, nikamwambia, "Haya, ndugu yangu." Basi. Akaondoka kwa miguu kwa mara ya pili.

Niliishi na ile baiskeli zaidi ya mwezi. Sikuipanda. Msikitini nilisimama safu za nyuma, ingawa hakuna aliyejua lolote.

Mwishowe, asubuhi moja ya msimu wa salfa, niliisukuma mpaka shambani kwake. Alikuwa na mashine ya kupulizia mgongoni na kitambaa usoni, vumbi la njano limemjaa kwenye nyusi. Aliponiona alizima mashine. Nilisema yote nikiwa nimesimama: nyumba inakulaje, kwa nini sikumpa zamu ya kugawa, na kwamba aliponiuliza nilijua.

Aliniacha nimalize. Akawasha mashine, akapuliza mkorosho aliokuwa ameuanza, akauzunguka mpaka akaumaliza, akazima tena.

"Baiskeli ningekusamehe palepale," alisema. "Lakini mimi sikumuuliza mchezaji mwenzangu. Nilikuuliza wewe."

Aliipokea baiskeli, akaiegemeza kwenye mti, akaenda mkorosho mwingine. Kwangu hakukaa tena. Tukikutana sokoni aliitikia salamu, akauliza hali ya nyumbani, akapita.

Nilipokuwa natoka shambani siku ile mkewe alikuwa uani akipepeta mtama. Aliniita ndani ninywe uji, ulikuwa tayari. Nilimwambia nina haraka, kuna mteja ananisubiri kibandani. Hakukuwa na mteja. Nilitembea polepole mpaka Ruangwa.